Mtoto Anayejikuna Hahitaji Kusuguliwa

Mtoto akianza kujikuna mbele za watu, mzazi huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: mnamwogesha na nini? Anayeuliza anaweza kuwa bibi, jirani, dada wa saluni au kondakta wa daladala, na kila mmoja ana jibu lake tayari. Sabuni ya mche. Maji ya mwarobaini. Kifuniko kimoja cha ile dawa ya kusafishia vidonda, kimiminwe kwenye beseni mpaka maji yageuke meupe. Dodoki jipya na mkono wenye nguvu. Ushauri hutofautiana, lakini shutuma iliyo chini yake ni ileile: mtoto huyu ana uchafu, na aliyemzaa hajausugua ukatoka.

Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, ushauri huo ndio unaomnyima usingizi.

Pumu ya ngozi huanza mapema. Wengi wanaoipata huwa wameshaipata kabla ya kutimiza miaka mitano, tena mara nyingi kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni na kichwani, kisha hushuka kwenye mikono na miguu kwa upande wa nje. Panapofunikwa na nepi kwa kawaida husalimika. Akikua, huhamia kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, kwenye vifundo vya mikono na miguu. Ukichunguza ukoo utamkuta mwenye pumu ya kifua, au anayepiga chafya kila vumbi likipita, au shangazi ambaye utotoni alikuwa hivyohivyo. Haiambukizi hata kidogo.

Tabaka la juu la ngozi lina kazi mbili: kuzuia maji ya mwili yasitoke, na kuzuia vya nje visiingie. Kwa watoto hawa tabaka hilo limelegea, kama paa la makuti ambalo kamba zake zimeoza. Maji yanatoka, ngozi inakauka, na kila kinachopita juu yake, iwe jasho, sabuni, manukato, vumbi au sufu, hupata pa kupenya. Kinga ya mwili hupambana na kinachopenya, na mapambano hayo ndiyo yanayoleta uvimbe na mwasho. Mtoto anajikuna, kucha zinachana ngozi, vingi zaidi vinapenya, mwasho unazidi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba watu wengi wa Ulaya wenye hali hii wamerithi hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini, mojawapo ya zinazoshikilia tabaka hilo. Kwa Waafrika hitilafu hiyo imekutwa mara chache sana, na bado ngozi zao huvuja vilevile. Njia ya kufika hapo, basi, si moja.

Turudi kwenye beseni. Sabuni ya mche ilitengenezwa ing'oe mafuta kwenye kola za mashati, na ikiwekwa juu ya ngozi ya mtoto inafanya kazi hiyohiyo. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, pH ya 5 hivi. Sabuni nyingi za mche na za kipande zina pH ya 9 hadi 10. Maji ya moto yanaondoa mafuta yaliyobaki, dodoki linakwangua, na dawa ya kuua vijidudu inachoma palipokwisha kuchubuka. Mtoto anatoka bafuni akilia, anaambiwa ni uchafu unatoka. Mwarobaini sina ugomvi nao mkubwa, ila juu ya ngozi iliyochanika sioni unachozidi maji matupu.

Kuna jambo moja la kuondoa njiani kabla ya kwenda mbali. Si kila mtoto anayejikuna ana pumu ya ngozi. Wengi wana upele, unaoletwa na kidudu kidogo mno kinachochimba vijia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, ingawa familia inayolaza watoto wanne kitanda kimoja haikuhitaji tangazo hilo kuujua.

Ukitaka kuutambua, iulize nyumba nzima. Kama dada mtu anajikuna, mama anajikuna, na binamu aliyekuja likizo ndiye aliyeanza, uhesabu kuwa ni upele mpaka ithibitike vinginevyo. Tazama katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga tazama pia viganja na nyayo. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, na muda huo wote analala na wenzake. Kwa hiyo dawa hupakwa na wote siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, na kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki moja. Mashuka na nguo za siku zile hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika hufungwa kwenye mfuko kwa siku kadhaa, kwa kuwa kidudu hicho hakidumu nje ya mwili wa mtu. Ile dawa nyeupe ya maji yenye harufu kali, benzili benzoeti, huunguza ngozi ya mtoto isipozimuliwa. Muulize mfamasia vipimo kabla hujaondoka dirishani. Kisha vumilia. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata vidudu vikiwa vimekufa, na wanaokata tamaa hupaka tena na tena mpaka wakatengeneza ugonjwa wa pili.

Wapo pia wenye vipele vya kuumwa na mbu au viroboto, wenye harara, wenye choa. Hao nawapita leo.

Tatizo jingine liko kwenye macho ya anayetazama. Vitabu vingi vya udaktari hufundisha kwamba pumu ya ngozi ni wekundu, kwa sababu picha zake zilipigwa kwa watoto weupe. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari St George's, University of London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu cha Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, baada ya kuona darasani wanaonyeshwa karibu ngozi nyeupe tupu. Kwa mtoto wetu, usitafute wekundu. Tafuta mahali palipokolea rangi kuelekea zambarau, majivu au weusi kuzidi pembeni yake. Pitisha kiganja usikie joto na ukavu. Tazama vipele vidogo vilivyosimama kwenye vinyweleo, ambavyo huonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi, na ngozi iliyonenepa ikajichora mistari nyuma ya shingo. Tazama na kucha zake: mtoto aliyejikuna kwa miezi kucha zake hung'aa kwa msuguano.

Ngozi ikishatulia, madoa hubaki kwa miezi, meusi au meupe. Wazazi wengi hudhani dawa imemchubua mtoto, wakaacha kupaka. Kwa kawaida ni alama iliyoachwa na uvimbe wenyewe, na dawa yake ni kuuzuia uvimbe usirudi. Vile vibaka vyeupe vya mashavuni ambavyo mtaani huhesabiwa kuwa ni minyoo, mara nyingi navyo ni vya ngozi kavu ya jamii hii.

Sasa namna ya kumwogesha. Maji yawe ya uvuguvugu, yale ambayo kiwiko chako hakiyasikii joto wala baridi. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Sabuni, kama ni lazima, isiwe na manukato, na ipite kwapani, makalioni na miguuni palipoingia tope. Tumbo na mgongo wa mtoto aliyeshinda ndani havina cha kuoshwa na sabuni. Mkono mtupu unatosha, dodoki likasugulie masufuria. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga iliyolainika kwa kufuliwa sana, na kabla unyevu haujamwisha mwilini mpake mafuta. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Mpake mwili mzima, si penye vipele tu, ukiteremsha mkono kufuata vinyweleo vinakolalia. Chota kwa kijiko safi badala ya kutumbukiza vidole, maana kopo lililochovywa na watu watano kwa wiki mbili lina vijidudu vyake. Rudia asubuhi, na tena akirudi shule. Kiasi chake hushtua watu: miongozo ya Uingereza hutaja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Kale kakopo kadogo kanakokaa miezi mitatu kwenye mkoba, basi, kanakwambia kwamba mtoto hapakwi.

Mafuta gani? Jaribio la Uingereza lililohusisha watoto 550, matokeo yake yakatoka mwaka 2022, lililinganisha losheni, krimu, jeli na marhamu. Hakukuwa na mshindi. Yanayofaa ni yale ambayo familia itakubali kuyapaka kila siku. Kwetu hiyo ni habari njema, kwani mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, yanayouzwa hadi dukani kwa Mangi, hayana sababu ya kuionea haya chupa iliyosafiri kutoka Paris. Kasoro yake ni joto. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, mtoto aliyepakwa mgando mzito mchana atatoka jasho chini yake na kuwashwa maradufu. Mimi ningempaka krimu nyepesi mchana, mgando usiku. Njombe au Limuru mwezi Julai, mgando asubuhi na jioni bila wasiwasi.

Mafuta ya nazi ya bibi, yakiwa safi na hayajatiwa manukato, nayo yanasimama vizuri. Yalijaribiwa kwa watoto Ufilipino na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yakawa mazuri. Mafuta ya zeituni ndiyo yaliyoangusha watu. Wengi huyanunua kwa heshima yake, lakini utafiti uliofanyika Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013 uliyakuta yanalidhoofisha tabaka la juu la ngozi. Yabaki kwenye kachumbari.

Onyo moja halisemwi vya kutosha: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta, hasa haya ya mgando, hushika moto upesi. Mtoto aliyekwisha kupakwa akae mbali na jiko la mkaa, mshumaa na koroboi.

Na mama anayelaumiwa kwamba hakumpaka mtoto vya kutosha alipokuwa mchanga aachwe apumzike. Utafiti mwingine wa Uingereza uliofuatilia watoto wachanga 1,394 wa familia zenye mzio, matokeo yakatoka mwaka 2020, haukuona kwamba kuwapaka kila siku kwa mwaka mzima kuliwakinga na pumu ya ngozi. Mafuta huitunza ngozi iliyokwisha kuugua. Hayaipi kinga kabla.

Ngozi ikishavimba, mafuta peke yake hayatoshi. Inahitajika steroidi ya kupaka, na hapa nyumba zetu hukosea kwa pande mbili zinazopingana. Dawa yenyewe si ngeni. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani Marion Sulzberger na Victor Witten waliripoti kwamba haidrokotisoni ya kupaka huituliza pumu ya ngozi, na dawa za jamii hiyo ndizo nguzo ya tiba mpaka leo. Zina madaraja. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni ya chini, inafaa usoni na kwa mtoto mdogo. Betamethasoni iko juu yake. Klobetasoli iko kileleni, na hiyohiyo ndiyo inayokutwa mara kwa mara kwenye mkorogo na krimu za kujichubua.

Mama aliyemwona rafiki yake akibabuka uso kwa mkorogo huogopa akisikia neno steroidi, na ana haki. Lakini hofu hiyo humfanya ampake mwanawe haidrokotisoni kiasi cha punje ya mchele, siku mbili, kisha aache. Vipele vinarudi, naye anasema dawa haifai. Jirani yake yuko upande wa pili. Amenunua bila cheti tyubu ya mchanganyiko yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja, ameona maajabu ndani ya siku tatu, na sasa ni mwezi wa nne anampaka mtoto usoni kila vipele vikichungulia. Ngozi ya mtoto huyo itakonda, vishipa vitaanza kuonekana, vipele vya namna nyingine vitaota kuzunguka mdomo. Kama shida ilikuwa choa tangu mwanzo, steroidi imekificha huku kikitanuka. Ukiniuliza nani nimwonee huruma zaidi, sitajua. Nitajua tu nani wa kulaumiwa kwa sehemu: muuzaji anayetoa tyubu hiyo kama anavyotoa pipi.

Kipimo kipo, na kipo kidoleni. Kamua dawa, mstari mmoja, juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima kuanzia kwenye kiungo cha mwisho hadi nchani. Hiyo ni nusu gramu hivi, na inatosha kupaka ngozi yenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Hupakwa mara moja au mbili kwa siku kama alivyoelekeza aliyeandika cheti, penye uvimbe tu, mpaka ngozi iwe laini ukiipapasa. Usingoje rangi irudi, kwa sababu rangi itachelewa miezi na wewe utakuwa umempaka bure miezi hiyo yote. Ukiacha steroidi, mafuta yanaendelea.

Sirapu na vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi hutolewa kwa watoto hawa kwa wingi mno. Dawa hizo huzuia histamini, na mwasho wa pumu ya ngozi hauendeshwi sana na histamini. Mtoto analala, ngozi inaendelea kuumuka.

Chakula nacho kina mahakimu wengi. Asile mayai, asile samaki, asiguse maziwa, nanasi ndilo lililomharibu. Wapo kweli watoto, hasa walioanza kwa ukali wakiwa wachanga, wenye mzio wa yai, maziwa au karanga. Hao mara nyingi hujionyesha wenyewe: midomo huvimba, mwili hutoka vipele vya kuvimba au mtoto hutapika, ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Lakini kumkatia mtoto wa mwaka mmoja mayai, maziwa na samaki kwa mpigo, kwa kubahatisha, katika nchi ambayo udumavu bado unatusumbua, ni kutibu ngozi kwa gharama ya kimo.

Karanga zina kisa chake. Mwaka 2015 timu ya Gideon Lack wa King's College London ilitoa matokeo ya utafiti wa watoto 640 walioanza kufuatiliwa wakiwa na miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na pumu kali ya ngozi, mzio wa yai, au vyote viwili. Waliolishwa karanga mara kwa mara mpaka wakafika miaka mitano walipata mzio wa karanga kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 80 kulinganisha na walioepushwa nazo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba karanga inayopenya kwenye ngozi iliyochanika huufundisha mwili kuikataa, na inayopita mdomoni huufundisha kuikubali. Wanaokorogea watoto uji wenye karanga walikuwa wanafanya hivyo bila kuuliza London. Mtoto mwenye hali kali aanzishiwe kwa ushauri wa daktari, na karanga nzima asipewe mtoto mdogo, atapaliwa.

Mwasho hupanda usiku. Saa nane husikika kucha zikipita juu ya shuka kabla mtoto mwenyewe hajaamka, na mama huishia kulala ameushika mkono wake. Kumwambia "acha kujikuna" ni kupoteza pumzi. Mtu mzima mwenyewe hawezi kuacha. Kinachosaidia ni vitu vidogo: kucha zikatwe kila wiki, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kiwekwe juu ya kiwiko kwa dakika kumi kisha mafuta juu yake, mashuka yawe ya pamba. Mchana mikono ipate shughuli. Mtoto wa miaka minne anayetazama katuni atasugua shingo kwenye ukingo wa kochi dakika thelathini bila kujua, lakini akipewa unga wa kukanda husahau. Sweta la shule lisiguse ngozi, livaliwe juu ya shati la mikono mirefu. Na kwa kuwa mwalimu wa zamu akiona mikono ya namna hiyo humrudisha mtoto nyumbani kwa hofu ya kuambukiza wenzake, karatasi fupi ya daktari isemayo kwamba haiambukizi ikae kwenye begi.

Watoto wengi hupata nafuu kubwa kabla ya kufika ujanani, ingawa ngozi yao hubaki kavu na yenye kuchukia sabuni. Kwa wale wasiopata, zipo sindano mpya, kama dupilumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wazima na mwaka 2022 kwa watoto kuanzia miezi sita, lakini bei yake kwa sasa si ya kujadili na mzazi wa kawaida. Cha kujadili ni nani wa kumwona. Mjini Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako wahudumu wa afya kutoka nchi mbalimbali za Afrika huenda kuisomea ngozi na kurudi kwao. Uliza hospitali ya wilaya yako kama ina mtu aliyepita huko. Kumwona mmoja wao mara moja kunaweza kukuokolea tyubu sita za kubahatisha.

Yapo mambo yasiyongoja miadi. Vipele vikitoa majimaji na kuganda magaga ya rangi ya asali, bakteria wameingia na mtoto anahitaji tiba ya maambukizi. Vikitokea ghafla vidonda vingi vidogo vya mviringo vinavyofanana, kama vilivyotobolewa, na mtoto ana homa na hataki kula, huenda ni virusi vya malengelenge vilivyosambaa juu ya ngozi yenye pumu. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku kama ni usiku, hasa vikiwa karibu na macho. Midomo ikivimba na pumzi kuwa nzito baada ya kula, usipoteze hata dakika. Na utakapokwenda, beba tyubu na makopo yote uliyompaka, hata ile uliyoazima kwa jirani, hata iliyofutika maandishi.